Ukungu Nyuma ya Damascène

Walikale, 3 Februari 1954

Dada Athanasie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua ya huko Masisi imewaachia angalau siku moja ya kuanika nguo. Mimi sijambo. Nina habari kubwa, kwa hiyo keti kwanza.

Nimepata jicho jipya la apareyi yangu ya foto.

Najua utasema ulinituma foto, hukunituma jicho. Ngoja nieleze. Mzungu mmoja wa mgodini anarudi kwao, na alikuwa na macho manne ya kioo yanayofungwa mbele ya apareyi kama yangu. Akasema nichague moja. Nikamwomba siku tatu za kuyajaribu. Nikamsimamisha jirani yangu Pierre mbele ya migomba asubuhi na jioni, mpaka mke wake akaja kuuliza kama mume wake amefungwa.

Jicho la kwanza ni fupi. Linaona kila kitu sawasawa: Pierre, migomba, kuku, sahani ya kuku. Ukitazama foto hujui nani alikuja kupigwa. La pili ni refu na zuri, ila dirisha la apareyi yangu halilijui. Dirishani unamwona Pierre mzima, kumbe kwenye filamu ameanzia kwenye nyusi. La tatu linafifisha vitu vya nyuma, lakini vibaya. Migomba inazunguka kichwa cha Pierre kama imelewa, na kila jani lina mistari miwili. Lakini la nne, dada! La nne ni nene kama kikombe cha chai. Ukilifungua tundu lote, uso wa Pierre unatoka na kila unywele wa ndevu, na migomba nyuma yake inayeyuka, laini kama uji uliochujwa. Mwanga uliopita kati ya majani umekuwa duara duara, hauna makali popote. Pierre unamjua, ni mtu wa sura ya kawaida kabisa. Katika foto ile ungemwamkia.

Nimelichukua hilo. Mzungu alitaka baiskeli ya kumwachia mpishi wake kama zawadi ya kuagana, nikampa yangu.

Basi waambie watu wa Drocella, msichana unayenichumbia, wavumilie kidogo. Foto watakayopata haijawahi kuonekana Masisi.

Ndugu yako,
Damascène


Masisi, 19 Februari 1954

Damascène,

Sisi wazima. Shemeji yako alicheka mpaka akakosa pumzi alipofika pale penye baiskeli. Mimi sikucheka. Uliniambia wakati wa Noeli kwamba baiskeli hiyo ndiyo iliyobeba matofali ya nyumba yako. Namshukuru Mungu nyumba imekwisha, maana sasa ungebeba kwa kichwa.

Sasa nisikilize, kwa sababu mimi ndiye ninayekwenda kukaa kwa Papa Kanyamibwa na kumsifu mtu asiyekuwepo. Binti yake Drocella ana miaka ishirini, anaandika vizuri kuliko wewe, na wachumba wawili wamekwisha kurudishwa njiani. Wa pili alikuwa mtu wa huko huko msituni kwenu. Aliyemkataa ni nyanya yake Drocella, Mama Mukamurenzi. Alisema mbele ya wote: "Kule chini jua inapika muntu. Maharagi haizai. Mutoto wangu atakula nini, majani?" Katika nyumba ile Papa Kanyamibwa anasema, Mama Mukamurenzi anaamua.

Wanataka foto yako ukiwa mbele ya nyumba yako. Nyumba ionekane. Nimewaambia ni ya matofali na mabati, kama ulivyoniambia. Usilete migomba.

Athanasie


Walikale, 6 Machi 1954

Dada yangu,

Foto imo ndani ya karatasi hii. Kabla hujaitazama, soma kwanza.

Katika dirisha la apareyi yangu mtu anaonekana mara mbili, mmoja juu ya mwenzake. Unazungusha jicho mpaka pua mbili ziwe pua moja, hapo ndipo umepima sawa. Ni kazi rahisi kama unampiga mtu mwingine. Kujipiga mwenyewe ni shida. Nilimsimamisha Pierre mahali pangu, nikaunganisha pua zake, halafu nikampa apareyi na kwenda kusimama alipokuwa. Kumbe Pierre husimama akiwa amerudisha kichwa nyuma, na mimi huwa natanguliza cha kwangu. Jicho hili likifunguliwa lote halisamehe. Mtu akisogea kiasi cha kidole, limemwacha.

Kwa hiyo kuhusu pua iliyofifia, nisamehe. Lakini tazama nyuma! Tazama ulaini ule! Nyumba mliyoitaka iko pale pale, nyuma ya bega langu. Fundi mzuri haonyeshi kila kitu kwa mara moja.

Damascène


Masisi, 22 Machi 1954

Damascène,

Masikio yako tumeyaona. Ni mazuri, yanafanana na ya marehemu baba. Pua iko wapi?

Mama Mukamurenzi aliishika foto mbali, akaishika karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Halafu akaniuliza mbele ya watu: "Iko na ugonjwa? Walimukata?" Nikasema foto ililowa njiani ndani ya lori. Jumamosi nilikwenda kuungama.

Niletee pua. Na nyumba.

Athanasie


Walikale, 8 Aprili 1954

Dada,

Nimeshinda. Nilifunga kamba kwenye apareyi, Pierre akaivuta mpaka ikagusa ncha ya pua yangu. Tukapima na urefu ule ule, akaiachia, akabonyeza. Kwa siku mbili mke wake amekuwa akituuliza tunacheza mchezo gani.

Ubaya wa apareyi hii ni kwamba dirishani vyote vinaonekana wazi, cha mbele na cha nyuma. Ule ulaini huuoni mpaka umeosha filamu, kwa hiyo unabonyeza kwa imani tu. Nilipoitoa karatasi kwenye maji na kuona kope zangu zinahesabika, na nyuma yangu dunia yote imetulia, nilikaa chini, dada. Nimeitazama tangu asubuhi. Sijisifu mimi, nalisifu jicho.

Nyumba imo, kwa anayejua pa kutazama.

Damascène


Masisi, 2 Mei 1954

Damascène, Damascène!

Wamekubali.

Nilifika kwao Jumapili baada ya misa. Foto ikapita mkono kwa mkono: Papa Kanyamibwa, mke wake, wajomba, mwisho Mama Mukamurenzi. Aliitazama muda mrefu mpaka nikaanza kusali. Kisha akapiga makofi. "Angalia! Nyuma yake yote iko ukungu! Uyu mutoto anakaa mu ukungu kama sisi, na ninyi muliniambia Walikale iko moto!" Akawaita majirani. Foto imezunguka mlima mzima. Wazee wamesema mahali penye ukungu mzito hivyo maharagwe lazima yazae, na mtu aliyeoga vizuri akasimama nje katika baridi ile ni mtu wa kazi.

Hakuna hata mmoja aliyefikiria habari ya jicho. Hapa kwetu ukungu tunao bure, ndugu yangu. Watu husubiri mpaka saa nne uondoke ndipo wapigwe foto, na wewe umetoa baiskeli kuununua. Nilifungua mdomo nieleze. Nikaona Papa Kanyamibwa anatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikaufunga.

Dereva Théophile anakuletea kifuko cha mbegu za maharagwe, zile za mlimani zinazotaka baridi, na triko la sufu alilofuma Mama Mukamurenzi mwenyewe. Yote mawili ni heshima kubwa. Papa Kanyamibwa atakuja mwezi wa saba kuona nyumba na shamba, halafu atakata shauri la mwisho.

Sasa mimi si Mama Mukamurenzi. Nyuma yako naona kitu cha giza kinachofika mabegani, na juu yake ni weupe mtupu. Mabati yako wapi?

Athanasie


Walikale, 17 Mei 1954

Dada mpenzi,

Triko limefika. Nililivaa kwa heshima dakika tano, Pierre akaleta maji. Maharagwe nayo nimepanda. Siku ya nne yaliota, nikafurahi sana. Siku ya nane yalilala chini, na mpaka leo hayajaamka.

Nina mashauri mawili. La kwanza, umwambie Papa Kanyamibwa kwamba ukungu wa Walikale ni wa Machi na Aprili tu. La pili, asiposadiki, Pierre yuko tayari kuchoma majani mabichi nyuma ya nyumba siku ile nzima. Mke wake hajakubali bado.

Kuhusu mabati: mwanga ulikuwa mkali siku ile, na jicho hili halipendani na vitu vinavyong'aa. Tusiingie sana humo.

Usinikasirikie. Msichana huyu nampenda. Nimemwona mara mbili tu, mara moja kanisani na mara moja kwenye harusi ya Victorine huko kwenu. Nilikuwa na apareyi shingoni mara zote mbili, na mara zote mbili nilisahau kubonyeza. Mimi, ambaye hupiga hata kuku! Nikimkosa Drocella sitatafuta mwingine, nakwambia kweli.

Damascène


Masisi, 4 Juni 1954

Kaka Damascène,

Ni mimi Drocella, binti wa Kanyamibwa. Najua si desturi yetu msichana kumwandikia mtu kabla wazee hawajamaliza maneno yao. Dada Athanasie alinitajia siku ambayo Théophile anapita na lori, kisha akageuka kutazama sufuria yake kwa muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji. Basi nimeandika.

Ule si ukungu.

Nimezaliwa ndani ya ukungu. Nimechuma maharagwe nikiwa siwezi kuiona mikono yangu. Ukungu unaingia katika nywele, unakaa kwenye kope, na mtu akisimama ndani yake hana kivuli. Wewe una kivuli. Kivuli cha pua yako kimelala juu ya mdomo, kifupi na cheusi, maana yake jua lilikuwa karibu kichwani. Jicho lako moja limekunjwa. Juu ya mdomo kuna matone ya jasho manane, nimeyahesabu, na shati limeganda kifuani. Foto yako ni safi mno, kaka. Imekusema.

Sikumwambia nyanya. Alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa nimefurahi kwa sababu yangu. Nimechoka kuanika nguo siku nne na kuzivaa zikiwa mbichi. Jua siliogopi hata kidogo. Kinachoniogopesha ni mtu anayefuta vitu vilivyo nyuma yake. Watu wanataka kukupa binti yao, na wewe umewapa uso peke yake.

Piga nyingine. Kila kitu kionekane. Kama kuna mke mwingine pale nyuma, naye aonekane. Nikiiona nitasema ndiyo au hapana kwa mdomo wangu, kabla Papa hajapanda lori. Akifika huko na kukuta umemdanganya, hapo hata mimi sitaweza kukusaidia.

Drocella


Walikale, 15 Juni 1954

Dada Drocella,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimeketi.

Foto hii hapa. Nimelifunga tundu la jicho mpaka limebaki kama tundu la sindano. Likifungwa hivyo, hata jicho langu kubwa linaona kila kitu mpaka mwisho wa kiwanja, wala halina huruma. Nilimwambia Pierre arudi nyuma, arudi tena, mpaka vyote viingie.

Nyuma yangu ni nyumba yangu. Kuta zinafika kifuani. Mlango ni nafasi ya mlango. Dirisha ni matofali niliyoacha kupanga. Mabati hayako, hayajawahi kuwako. Rundo lenye majani upande wa kushoto ni matofali yaliyobaki. Baiskeli niliyokuwa nikiyabebea niliitoa kwa jicho, ili uso uonekane na nyumba isionekane. Sikulieleza hivyo kwa dada yangu, na hata mimi mwenyewe sikujieleza hivyo. Nilisema ni kwa ajili ya ulaini. Ninalala kwa Pierre, katika chumba cha mahindi. Kuku juu ya ukuta ni wa Pierre. Triko la nyanya yako ni lile kwenye msumari, hakuna siku nimeliweka chini. Maharagwe yake ni yale yaliyolala mbele ya viatu vyangu.

Kwenye harusi ya Victorine dada yangu aliniuliza kwa sauti kama nyumba imekwisha. Wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka pale, umeshika sahani. Nikasema imekwisha. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kuifanya iwe kweli, na njia niliyoiona rahisi ilikuwa kuifuta.

Hakuna mke nyuma. Ningekuwa naye, angekwisha kunigombeza, na nyumba ingekuwa na paa.

Sema unavyoona. Nitakubali.

Damascène


Masisi, 1 Julai 1954

Damascène,

Nimewaonyesha wote. Nisamehe, lakini sikutaka kuanza maisha nikiwa na foto iliyofichwa chini ya mkeka.

Dada Athanasie aliitwa, akasomewa barua yako, akalia kidogo kwa hasira. Akasema kama kuna mtu wa kukupiga, aanze yeye kwa sababu ni mkubwa. Alipofika kwenye chumba cha mahindi akacheka, halafu akakasirika tena kwa sababu amecheka.

Kwa nyanya nilikwenda mwenyewe. Aliishika foto mpaka chai yake ikapoa. "Ukungu imekwenda wapi?" Nikamwambia haukuwako, lilikuwa ni jicho la apareyi. Akaniuliza: "Na maharagi yangu?" Nikaweka kidole pale yalipolala. Alihuzunika kweli, Damascène. Maharagwe yale yalimuuma kuliko uongo wako. Alisema hata kipofu angejua kwamba yanataka kivuli na maji ya jioni, na kwamba wewe hujui kulima. Halafu akaendelea kutazama. Nyanya amejenga nyumba tatu na babu yangu, kwa mikono yake. Akapitisha ukucha juu ya kuta zako pole pole, kutoka kona mpaka kona. Akamwita Papa. "Kanyamibwa, kuya uone. Ukuta hii imenyooka. Ile ya kwako ilipinda, na mimi nilikupa muke."

Nyanya ni mama mkwe wake Papa. Alimpa Papa binti yake, yaani mama yangu, na ukuta wa Papa ulikuwa umepinda. Papa akatoka nje. Aliporudi akauliza Théophile anapita siku gani.

Atafika kwako tarehe kumi na nne pamoja na kaka zangu wawili. Haji tena kukagua, anakuja na nyundo. Amesema watabeba matofali nao mpaka kuta zifike juu, ila mabati ni juu yako, na hakuna harusi mpaka mvua inyeshe na sakafu ibaki kavu. Usithubutu kumwonyesha jicho siku ya kwanza.

Yangu ni haya. Mlango uwe mpana, mtu apite na kikapu bila kugeuka ubavu. Lile dirisha linatazama kuku wa Pierre. Lizibe, ulifungue upande wa barabara. Jiko liwe nje. Na pale kushoto penye rundo la matofali usijenge kitu, nataka nipande mimi. Nimefurahi kwamba bado haina paa. Katika nyumba iliyokwisha ningeingia kama mgeni, nikiuliza maji yako wapi.

Mama aliniuliza jana mbele ya wajomba wote ni foto ipi kati ya hizi niiweke. Katika ile nzuri uso wako umejaa karatasi nzima, na mimi sikuweza kusema lolote kukuhusu. Katika hii uso wako ni mdogo kuliko ukucha wangu, na umeinamisha shingo kwa aibu. Nimeichukua hii, nikasema ndiyo, na wote wamesikia.

Drocella